Fyuzi ya Baba

Saa nne usiku, Casalecchio. Ukungu umelala barabarani
kama paka asiyetaka kupisha gari.
Gerejini, mashine ya pinboli imefunuliwa tumbo,
uwanja wake umeegemezwa kwa fimbo,
nami nimejikunja chini yake, tochi mdomoni.

Ugonjwa wenyewe ni huu:
ukiiwasha inang'aa, inaimba noti tatu,
halafu kirungu cha kushoto, kile cha kurudisha mpira,
kinaruka
na hakishuki.
Kinang'ang'ana pale pale, kinanguruma,
mpaka vanishi iungue, harufu inifike,
nichomoe plagi.

Mara ya nne leo.

Evaristo, aliyetengeneza tramu za Milano miaka thelathini,
amekalia kreti ya chupa tupu. Haondoki, hasaidii.
"Pima kwanza," asema. "Anayebadilisha kabla ya kupima
anacheza bahati nasibu."
Nimekwisha kubadilisha vitu vitatu. Simwambii.

Basi napima.
Koili ya kulia: omu kumi na moja.
Ya kushoto: mbili na ushee,
karatasi yake imegeuka kahawa iliyoungulia jikoni.
Transista: nagusisha ncha nyekundu, ncha nyeusi,
mita inalia. Nazigeuza. Inalia tena.
Mlango usio na komeo, kwenda wazi, kurudi wazi,
na umeme si mgeni wa kupiga hodi.

"Hii imekufa," nasema.
"Imekufa, ndiyo. Nani kaiua?"

Nafuata waya. Wa njano, mstari wa buluu,
unajichanganya na wenzake, unaibukia nyuma ya bodi,
pale betri ya zamani ilipovuja
ikaacha ukungu mwingine, wa kijani,
unapanda, unakata kona,
unaishia kwenye safu ya fyuzi.
Sita. Tano ni za kioo.
Ya sita inametameta kupita kiasi.

Naing'oa kwa koleo.
Ni fyuzi iliyokatika zamani
ikavishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
ikaviringishwa, ncha zikakunjwa kwa ukucha
jinsi zilivyokunjwa bili za wateja
waliolipa mwisho wa mwezi, au hawakulipa.

Ukucha huo naujua.

Jumamosi, baa imefurika, vijana wa kiwanda cha matofali
wamepanga sarafu juu ya kioo, kila mtu na zamu yake,
mara mashine kimya. Duka la vipuri mpaka Jumatatu.
Baba anawaambia: dakika mbili.
Anavuta sigara ya mwisho ili apate karatasi.
Dakika mbili. Taa. Makofi.
Jumatatu ikaja, ikapita.
Zikapita Jumatatu elfu mbili.

Kazi ya fyuzi ni moja tu, kutangulia kufa.
Baba aliinyima ruhusa.
Na kifua chake alikinyamazisha kwa peremende za mnanaa,
akasema ni baridi ya friji ya bia,
akaendelea kuosha glasi.

Evaristo amevua miwani, anaifuta, haivai.
"Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa karibu kuvunja rekodi.
Baba yako akachomoa plagi. Akasema anafunga."
"Alikuwa anafunga?"
"Rekodi ilikuwa yake."

Nalehemu. Risasi inayeyuka, inauzunguka mguu
wa transista mpya, inang'aa, inatulia.
Koili mpya. Diodi mpya. Fyuzi ya kioo, nyembamba,
tayari kwa lolote.

Nawasha.
Noti tatu. Kirungu kinapanda.
Kinashuka.
Namba nane bado inasomeka sita;
hiyo ni ya kesho.

Nanyoosha mkono ndani kubonyeza swichi ya mchezo wa bure.
Evaristo ananizuia.
Anapekua koti, mfuko wa ndani, ule wenye kifungo,
anatoa sarafu ya lira mia
ambayo hakuna duka linaloipokea tena.
"Kwenye baa ya Gualtiero," asema,
"hakuna anayecheza bure."